Miti ya Uani kwa Baba

Baba yangu anaishi Mkuyuni, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe juu ya ardhi isiyo yake. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Kwetu Waluguru ndivyo ilivyo: ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamume huja kuoa, akajenga, akalima, akazaa, na bado akabaki mgeni. Mama alipofariki, wajomba zangu walimwacha baba aendelee kukaa. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna pia aliyemhakikishia lolote.

Mimi nakaa mjini, Mwembesongo, na subira sina. Mchana mmoja nilimkuta baba uani anahama na kiti chake kadiri jua linavyohama, amebanana na ukuta, ndani hakukaliki kwa joto la bati. Niliumia. Nikaapa kwamba nitampandia miti ya kivuli, na nitaipanda mwezi huohuo wa mvua.

Kuchagua mti wa uani si jambo dogo. Mwembe ni mzuri, lakini mtu wa umri wa baba huwezi kumwambia asubiri mwembe. Mfenesi nao, tunda likikuangukia kichwani, ni msiba mwingine. Mwenye kitalu alinisifia ile miti ya mapambo, mirefu na myembamba. Nikamuuliza kama alidhani baba yangu naye ni mwembamba kiasi cha kujificha nyuma yake. Mwishowe nikachukua mikungu miwili, kwa sababu mkungu hukua upesi na hutandaza matawi kama mwavuli, na mwarobaini mmoja wa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huingia bila hodi.

Mashimo nilichimba mwenyewe, mbali na ukuta ili mizizi isije ikasumbua msingi, nikachanganya udongo na samadi. Kisha nikampa baba miche.

"Panda wewe, baba. Iwe ya mkono wako."

Alisita. Nilidhani ni magoti yanamsumbua.

"Panda wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nitamwagilia."

Nikang'ang'ania, kama kawaida yangu. Akapiga magoti, akachana viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, akashindilia udongo kwa viganja. Majirani waliokuwa wakipita njiani walisimama, wakasalimia, wakatazama. Baba alipoinuka alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu tulipomzika mama.

Mgeni kwenye ardhi ya ukoo anaweza kupanda mahindi, mihogo, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti wa kudumu hapandi. Anayepanda mti anatangaza kwamba hapo ni pake. Jambo hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Ila akilini mwangu mgeni alikuwa mtu mwingine, si baba yangu.

Haikupita wiki, mjomba mkubwa akaita kikao. Tuliketi uani, miche iko mbele yetu, haijafika hata magotini. Mjomba si mtu mbaya. Alimjulia baba hali kwa heshima zote, ndipo akasema, "Shemeji, tumeishi na wewe vizuri. Lakini hii miti inatuambia nini? Kama umeanza kutaka ardhi, bora urudi kwenu, tuzungumze ukiwa huko."

Kwao baba ni juu mlimani, kwenye ukoo wa mama yake, ambako waliokuwa wakimjua wameshakwisha. Angekwenda kukaa kwa nani? Angeweza kusema, "Huyu binti ndiye aliyenilazimisha." Hakusema.

Nikasimama mimi. "Miti ni yangu," nikasema, kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. "Mimi ni mtoto wa ukoo huu. Huyu nilimtuma tu anisaidie, kama kibarua. Hapa hana ardhi wala mti."

Wajomba wakaridhika. Chai ikaletwa, tukanywa, na baba akabaki kwenye nyumba yake. Watu wakanisifu kwamba nimejua kuongea. Lakini najilaumu mpaka leo, maana maneno mengine yalikuwepo. Ningeweza kusema "baba yangu." Nilisema "huyu," naye ameketi palepale, ameshika kikombe.

Mikungu sasa imelipita bati. Wiki iliyopita baba alinipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akawaulizia watoto mmoja mmoja. Kisha akasema kuna tawi limeinama juu ya nyumba, upepo wa mlimani ukivuma linasugua bati, hapati usingizi.

"Nilikuwa naomba ruhusa yako nilikate," akasema.

"Baba, hiyo miti ni yako."

"Usiseme hivyo, mwanangu," akanijibu taratibu. "Watu wanasikia. Wewe niambie tu, nikate au niache?"

Nikamwambia akate. Akanishukuru.