Bwana Plaisi na Sanduku la Umeme

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Bwana Plaisi ilikuwa kukatia watu umeme, na msidhani aliifanya kwa shingo upande. Aliipenda. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya plaisi yake ya kukatia nyaya, yenye mikono myekundu, iliyokaa mfuko wa nyuma wa suruali kila siku aliyokwenda kazini na siku nyingi ambazo hakwenda. Akiingia tu kichochoroni, redio zilizimwa, pasi zilisukumwa chini ya vitanda, na akina mama waliomsengenya jana yake walimwita mkuu na kumvutia kiti. Yeye hakukaa. Alitoa orodha, akasoma jina, akapanda ngazi, akakata, kisha akazungushia mita utepe mwekundu na kutoa onyo lake lilelile: utepe huu hauguswi na mtu yeyote isipokuwa fundi mhusika.

Hakuwa na upendeleo, hilo tumpe. Siku jina la mama mkwe wake lilipotokea kwenye orodha, alikwenda akakata kama kwa mtu mwingine yeyote. Mama mkwe alikuwa na vifaranga arobaini ndani ya boksi, chini ya taa ya joto, wana siku nne tu tangu waanguliwe. Alimwomba mkwewe amwachie mpaka kesho yake. Bwana Plaisi alijibu kwamba kazi ni kazi, akafunga utepe, akaaga kwa heshima zote anazostahili mama mkwe, akaondoka. Kulipokucha vifaranga wote walikuwa wamekufa. Mkewe hakugombana naye. Alinyamaza siku tatu, siku ya nne akaanza kuzungumza habari nyingine, na Bwana Plaisi, ambaye kwa mambo ya nyumbani hakuwa mwepesi wa kuelewa, akaamini yamekwisha.

Alipostaafu alirudisha ngazi, kofia ngumu na pikipiki ya ofisi. Plaisi aliondoka nayo. Haukupita mwezi akagundua jambo lililomuuma sana: watu walikuwa wakimsalimia tu. Hakuna aliyekimbilia swichi. Mwenye duka, aliyekuwa akitetemeka akimwona, sasa alimwambia asubiri zamu yake. Bwana Plaisi alikonda. Akaanza kupita nyumbani akizima taa za vyumba vyenye watu ndani, mpaka binti yake aliyekuja likizo akaona afadhali arudi kazini mapema.

Ndipo alipoona tangazo la betri ya sola ya kubeba. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku dogo la safari, mpini juu, soketi nne mbele, na kioo kinachoonyesha asilimia ya umeme uliobaki. Ilikuja na paneli yake ya kukunja. Kwenye picha, mzee mwenye meno mazuri kupita kiasi alikuwa akinywa kahawa nje ya gari, katikati ya pori, bila nguzo wala waya. Bwana Plaisi aliziangalia zile soketi nne akahisi, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, kwamba amepata ofisi.

Alinunua sanduku hilo, na kwa fundi gereji akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Akalitia kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, friji ya kimo cha goti na mapazia. Harufu ya mikate iligoma kutoka. Mpango wake ulikuwa kuzunguka na mkewe, kambi moja hadi nyingine, mpaka uzee utakapowakuta, kana kwamba ulikuwa bado haujawakuta.

Mkewe hakuwa na hamu ya kuzunguka. Alikuwa mfugaji wa kuku, na tangu gari lile liingie uani alikuwa akilipima kwa macho: milango inafunga vizuri, paa halivuji. Tena alikuwa na matone ya macho ambayo daktari alisisitiza yakae kwenye baridi muda wote. Alibembelezwa wiki mbili ndipo akakubali, na sharti lake akalitamka wakati binti yao yuko kwenye simu, ili shahidi awepo.

"Siku tatu, Baba Watoto. Matone yangu yakipata joto hata mara moja, tunarudi nyumbani siku hiyohiyo, na hili gari linakuwa banda la kuku."

Bwana Plaisi alicheka mpaka akakohoa. Yeye, ashindwe na umeme?

Walipiga kambi kando ya bwawa, kwenye uwanja wa nyasi wenye bomba moja, choo kimoja, na umeme hakuna. Siku ya kwanza ilikuwa tamu kwelikweli. Jua liliwaka, paneli ikalala juu ya nyasi ikila mwanga, feni ikazunguka, friji ikanguruma kwa raha. Mkewe aliweka matone yake rafu ya juu, akakaa kivulini akala machungwa ya baridi, na akakiri kwa mdomo wake kwamba si haba.

Mchana wageni wakaanza kuja. Jirani mmoja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye hema, aliyekuja kuomba achaji kifaa chake cha kumsaidia kusikia. Wengine walikuwa maharusi wawili, simu zao zimezima. Bwana Plaisi aliwachomekea bure na kwa ukarimu. Lakini bwana harusi, katika kushukuru, aliteleza akamwita mkuu. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kufikia saa tisa palikuwa na meza mbele ya gari, daftari juu ya meza, na Bwana Plaisi nyuma yake. Maombi yalipokelewa asubuhi tu. Maharusi walikatiwa kwa matumizi mabaya, yaani kusikiliza muziki huku simu inachaji, wakarudi kuomba radhi wakiwa wameshikana mikono. Mwalimu aliambiwa aeleze kwa maandishi kwa nini anahitaji kusikia. Hakulisikia agizo hilo, kifaa kikiwa kimezima tena, ikabidi Bwana Plaisi ndiye amwandikie. Jioni alikula kwa hamu ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa mwaka mzima.

Siku ya pili kukawa na mawingu. Asilimia tisini zikawa sabini, zikawa hamsini na tano. Mtu mwingine angesubiri mawingu yapite. Bwana Plaisi alibandika tangazo kwenye mlango wa gari: kutakuwa na upungufu wa umeme, wateja wote wanaombwa kuwa wavumilivu. Mkewe alilisoma akiwa ameshika birika. Akamuuliza kama na yeye ni mteja. Akajibiwa kwamba kwenye umeme hakuna mke.

Mama wa watu akaingia ndani, akachomeka birika la umeme, amchemshie mumewe chai. Kwenye kioo asilimia zikaanza kuporomoka. Bwana Plaisi aliziona, na mkono wake ukafanya kazi iliyouzoea kabla kichwa hakijaulizwa. Akachomoa kwenye sanduku ekstensheni iliyopeleka umeme ndani ya gari, akaikunja ncha, akaizungushia utepe mwekundu mara nne, kwa maana roli moja ya utepe huo alikuwa nayo kwenye begi. Onyo akalitoa mlangoni, neno kwa neno, kwa mwanamke aliyezaa naye watoto watatu. Kisha akaenda kuoga bwawani, kifua mbele, akapitia kwa maharusi kuwakagua.

Ekstensheni ilikuwa moja. Aliipanga hivyo yeye mwenyewe, birika na friji pamoja, ili laini iwe rahisi kuisimamia.

Aliporudi saa tisa jua lilikuwa limetoka zamani na sanduku lilionyesha asilimia themanini na tatu. Akaita aletewe maji ya baridi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, kichupa cha matone kiganjani. Alimpa akishike. Kilikuwa na joto la chai iliyosahaulika mezani.

"Umeme si upo tele?" Bwana Plaisi akababaika. "Kwa nini hukuchomeka?"

"Utepe ulikuwepo," alisema mkewe. "Miaka thelathini na moja unaniambia hauguswi na mtu isipokuwa fundi mhusika. Mama yangu naye hakuugusa. Angeugusa, wale vifaranga wangepona."

Bwana Plaisi alifungua mdomo aseme kwamba kazi ni kazi. Akakumbuka kwamba hana kazi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaenda kukunja paneli bila kuambiwa.

Juma lililofuata kitanda kilitolewa garini, mapazia yakageuzwa matambara, na mkewe akanunua vifaranga arobaini, hakuzidisha wala hakupunguza. Waliwekwa ndani ya gari la mikate, chini ya taa ya joto iliyochomekwa kwenye sanduku, na mlinzi wa taa akateuliwa bila kuombwa maoni. Bwana Plaisi hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Jua likisogea, naye alisogea na paneli uani kote. Wingu likipita, alikimbilia kioo kusoma asilimia. Alizima feni yake, alizima redio yake, na majirani waliokuja na simu zao aliwafukuza kwa adabu. Siku moja kioo kilifika asilimia kumi na mbili, akajikuta amepiga magoti mbele ya sanduku akilisihi.

Siku ya nne mama mkwe alikuja, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Alichungulia ndani ya gari muda mrefu, akahesabu kwa kidole, kisha akamgeukia mkwewe, aliyekuwa katikati ya ua ameinua paneli kwa mikono miwili.

"Orodha inasema nini leo, mkwe?"

"Hakuna orodha, mama."

Mama mkwe akanyoosha mkono. Bwana Plaisi alielewa mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akaishusha paneli, akachomoa plaisi mfuko wa nyuma, akampa. Bibi aliitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu, akavuta kiti akakaa karibu na mlango, mahali anapowasikia vifaranga wakilia.

"Mama," alisema Bwana Plaisi. "Wale wa siku ile. Nisamehe."

Bibi hakumtazama. Alikuwa akitazama ukuta wa jirani.

"Geuza hiyo paneli, mkwe," alisema. "Kivuli kinakuja."

Akaigeuza.