Goti Tu

Ketty, muuguzi wa zamu ya asubuhi, alimjua karani wa fomu kwa rula yake. Kila Alhamisi karani yule aliketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa aliyerudi kukaguliwa baada ya kupasuliwa goti, akaiweka rula chini ya swali la kwanza, akalamba ncha ya penseli, akauliza kwa sauti ya padri aliye kitubioni: maumivu ya wiki hii ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi? Wagonjwa walijibu mengine kabisa. Huyu angeeleza nyumba iliyoteketezwa, yule mume asiyeonekana tangu Desemba, naye karani angeigonga rula taratibu na kusema, "Goti tu." Mwishoni alijumlisha, na jumla ikiwa ndogo alisema hongera.

Alhamisi ile Mama Goretti, mchuuzi wa mtaa wa Gurei, alijibu sifuri. Karani akatabasamu, akaishusha rula hadi kwenye swali la kupiga magoti.

"Naweza," mama alisema. "Jana mimi napiga magoti kwa kaburi ya mtoto yangu Kenyi, toka asubuhi mpaka jua inaenda. Hakuna kitu iliuma."

Ketty aliiona penseli ikisimama. Karani hakuwahi kufuta jibu la mtu, na siku hiyo pia hakufuta. Aliandika sifuri kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa, akajumlisha, akapata goti lililopona kuliko yote ya mwaka ule wa vita. Kisha akaitia rula mfukoni, akabaki ameketi pale pale kitandani, na hongera hakuisema.