Nilimwita mpangaji wa jirani mwizi wa IP, kumbe namba ya nyumba yangu ndiyo iliyoniponza

Wakuu, heshima zenu. Niko Kolwezi, Kongo, mtaa wa Kapata. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Ningetia, ningejipunguzia ujinga.

Kapata ni nyumba za safu ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi zamani. Kila nyumba ina namba ukutani, na sisi tuliozaliwa humu tunaipenda kama jina la ubatizo. Yangu ni 114. Marehemu baba aliipaka rangi upya kila Krismasi.

Ukuta kwa ukuta naishi na Mama Ngalula. Yeye ananipa maji ya kisima chake, mimi nampa Wi-Fi. Password anayo yeye na mpangaji wake Kasongo, mchimbaji wa cobalt, anayekaa annexe, kile kijumba cha nyuma.

Shida ikaanza kwenye printa. Ndiyo ugali wangu, nachapa CV na barua za watu. Kila jioni inapotea kwenye mtandao. Nazima rauta, nawasha, inarudi, inapotea tena.

Mwishowe kompyuta ikaniambia kuna mgongano wa IP.

Kwa wasiojua, IP ni adresi ya kila kifaa kwenye mtandao wa nyumbani. Vifaa viwili vikishika moja, ni vurugu tupu.

Sasa printa nilikuwa nimeipa adresi ya kudumu kwa mkono wangu, inayoishia na 114. Si namba ya nyumba? Nikajiona fundi kweli.

Nikaingia uani kwa Mama Ngalula, nikaomba simu ya Kasongo, nikafungua settings.

114! Damu ikanichemka.

"Umeiba adresse yangu! Mwizi we!" Majirani wakatoka.

Kasongo akanijibu kwa heshima, akiniita tata, yaani baba. "Tata, mi ninachimbaka mashimo. Ile adresse sijue hata inakaaka wapi."

Sikumsikia. Mama Ngalula naye ni mtu wa kanisa, neno "mwizi" halitaki uani kwake. Akamwambia, "Mutoto, siku ya yenga utoke." Yaani Jumapili.

Nikabadili password. Siku mbili printa ikatulia, nikatamba mbele ya mke wangu.

Jumamosi ikapotea tena. Nikaangalia simu ya mke wangu: 114.

Haya, mwizi sasa ni mama watoto?

Ndipo nikafungua ukurasa wa rauta, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Rauta inagawa adresi yenyewe, kuanzia 100 mpaka 199. Kwa hiyo 114 ilikuwa kwenye mgao wake, na inampa yeyote anayeingia. Kasongo hakuchukua kitu, alipewa. Aliyejimegea bila kuuliza ni mimi.

Nikahamishia printa kwenye 20, nje ya mgao. Dakika tano tu. Haijapotea tena.

Kazi ikabaki kurudi ule ua. Nilimtukana hadharani, nisingeweza kumwomba radhi chumbani. Nikachuchumaa, nikapiga makofi kama wazee wetu wanapoomba msamaha, nikasema yote majirani wakisikia. Aibu, wakuu, acha tu.

Kasongo alikuwa anafunga mfuko wake.

"Fungula ile mufuko," Mama Ngalula akamwambia. "Rudisha bitu mu nyumba." Kisha akanigeukia: "Na weye, Tata Printa, siku ingine uanze kutafuta kwako."

Nikampa Kasongo password mpya kwenye karatasi. Akaikunja, akashukuru, akaweka mfukoni.

Funzo: adresi ya kudumu iweke nje ya mgao wa rauta. Na kagua rauta kabla hujakagua mtu.

Miezi miwili sasa. Kila asubuhi ananiamkia, "Bonjour, tata," kwa adabu zote. Lakini nikifungua orodha ya rauta, simu yake haimo. Hajawahi kuingia tena hata mara moja, na inaniuma.

Ya printa nimeimaliza. Hii ya Kasongo, wakuu, mngefanyaje?