Kizibo cha Upande Mmoja

Kule kiwandani walimwita Bi Sikio, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Mashine arobaini za kufuma zikinguruma kwa pamoja, yeye alijua uzi umekatika kabla hata taa nyekundu haijawaka. Mashine hubadilisha mlio kidogo tu, na hicho kidogo yeye alikidaka. Wasimamizi walimpenda, wenzake walimwonea kijicho, naye, tuseme kweli, alivimba kichwa.

Kiwanda kiligawa vizibo vya masikio, vile vya sponji, viwili viwili kwenye mfuko mdogo. Bi Sikio alitia kimoja tu, cha kulia, na hicho chenyewe alikivaa mpaka kikasinyaa kikawa pambo. Sikio la kushoto aliliacha wazi limsikilizie mashine. Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na kila msichana mpya aliyepita mikononi mwake alifundishwa hivyo hivyo. Muuguzi wa kiwanda alisema mpaka akachoka. Bi Sikio alimjibu kwamba kufuma masikio yameziba yote mawili ni sawa na kupika bila kuonja. Maneno matamu hayo, na ya kijinga.

Miaka ishirini na sita. Sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likafuata polepole, na hakuna aliyejua, kwa sababu wafumaji husoma midomo. Ndani ya kelele zile hakuna namna nyingine ya kusengenyana. Alipostaafu aliendelea vivyo hivyo: mtu akimtazama usoni alijibiwa sawasawa, akimpa mgongo, Bi Sikio alijifanya yuko mbali kimawazo. Majirani wakasema ana maringo. Wakapunguza kupita, kisha wakaacha. Mumewe alikwisha kufariki, redio ilifungiwa kabatini, na zilipita siku nzima nzima asizungumze na mtu ila muuza maziwa. Upweke ulimwingia mpaka kwenye mifupa, na bado aliuona afadhali kuliko kuitwa kiziwi.

Kisha akazaliwa mjukuu. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amepata kazi kiwanda kilekile, kwenye mashine zilezile, na mtoto wa miezi mitano angeachwa na nani kama si bibi yake? Bi Sikio akapata uhai. Alipika naye mgongoni, alifua naye mgongoni, na mtoto alipolala aliketi kando yake, kiganja juu ya kile kifua kidogo, ili kilio kikianza akihisi mkononi. Mwanawe alisema anamdekeza mtoto. Alimwacha aseme.

Jioni moja mkwe alikuja kumchukua mtoto, akaketi kwenye kiti cha jikoni akisugua sikio la kushoto. Alilalamika kwamba siku hizi humo ndani kuna kifilimbi kisichonyamaza hata akiwa kitandani. Lakini msimamizi amemsifu, hakuna anayewahi uzi uliokatika kama yeye.

"Mama, ule ujanja ulionifundisha wa kizibo kimoja umenisaidia kweli," alisema akitabasamu.

Kifilimbi hicho Bi Sikio alikijua. Kwake kilianza mwaka wa pili, na sauti nyingine zote zilipoondoka, chenyewe kikabaki. Alimwambia mkwewe avae vyote viwili kuanzia kesho. Mkwe akacheka, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alifuma miaka yote hiyo na masikio yake yangali mazima. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ili aaminiwe ilibidi aseme yote, na akisema yote, nani atamwachia mtoto bibi asiyesikia kilio? Alimtazama mjukuu aliyelala mapajani pake, akatamani mkwe aage tu, siku ile ipite. Aliona aibu kutamani hivyo.

"Mwanangu, mimi sisikii," alisema. "Nakusoma midomo. Mtoto huyu sijawahi kumsikia akilia hata siku moja."

Mkwe akageuza uso upande wa mlango, akasema kitu kirefu, na Bi Sikio hakuambulia hata neno. Alipomgeukia tena alikuwa analia. Aliuliza kwa nini alificha, na Bi Sikio akainamisha kichwa.

Kesho yake mkwe alivaa vizibo vyote viwili, akaenda kupimwa. Aliambiwa kilichokwisha kuharibika hakitarudi, ila kilichobaki kitabaki akikitunza. Mtoto akapelekwa kwa jirani yao. Hakuna aliyemgombeza Bi Sikio. Walikuwa wapole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi.

Siku hizi mtoto huletwa Jumapili. Jumapili iliyopita mwanawe alimrusha juu, mtoto akafungua kinywa chote chenye meno mawili, na mkwe akamgeukia Bi Sikio, uso ukimng'aa.

"Mama, anacheka kama marehemu baba. Vilevile kabisa," mwanawe alimwambia, akitamka polepole ili asomeke.

Bi Sikio aliitikia kwa kichwa. Kicheko cha mumewe alikuwa bado anakikumbuka, cha kukwama kwanza kisha kufyatuka. Alikitafuta kichwani mwake mpaka akakipata, akamtazama mjukuu kinywa kikifunguka tena, akajaribu kukiweka pale. Hakikukaa.