Nilimtoa Mdogo Wangu Damu Aliyoihitaji

Kosa ni langu, na simtafuti wa kulibeba pamoja nami. Niliyasoma majibu ya damu ya mdogo wangu kana kwamba mimi ni daktari, nikamponza!

Nilifundisha sayansi shuleni hapa Mahajanga hadi nikastaafu. Tangu hapo, kila karatasi ya hospitali anayopewa mtu wa ukoo wetu huanzia mezani kwangu. Napenda kueleza, na watu hunipenda kwa hilo. Laiti ningependa kuuliza pia!

Mdogo wangu anaishi kisiwani Nosy Be. Huko ndiye aliyekuwa akiongoza kaswida za akina mama kwenye maulidi. Mwaka mmoja sauti yake ilianza kukwaruza. Alikuwa akiamka amechoka, akisikia baridi juani, nywele zikibaki kwenye kitana. Akavuka kwa boti hadi bandari ya Antsahampano, akapanda gari mpaka kwangu, mtaa wa Tanambao hapa Mahajanga, akapimwa damu.

Majibu yalitoka Ijumaa. Daktari angemwona Jumatatu. Hatukungoja!

Feritini ilikuwa juu. Nilijua kuwa feritini ni ghala la madini ya chuma mwilini, basi nikajiona nimemaliza kazi.

"Damu yako imejaa chuma, imekuwa nzito," nikamwambia kwa Kikomoro chetu cha nyumbani. "Ndiyo maana huna nguvu."

"Na hiki kipimo cha tezi ya shingoni? Nacho kiko juu, dada."

"Basi tezi yako inachapa kazi!"

"Na hapa wameandika kuna mchochota, uvimbe wa ndani."

"Si hilo jino lako bovu linalovimba? Achana nalo."

Akacheka. "Afadhali wewe. Daktari angeongea Kifaransa chake, nami ningeitikia tu."

Kwetu, damu ikishasemwa ni nzito, dawa inajulikana: chuku, ile pembe ya kufyonza damu. Nilimpeleka mwenyewe kwa mama anayepiga chuku, akachanjwa mgongoni, damu ikatolewa. Nikamkataza maini na nyama. Jumatatu nikamsindikiza kituo cha magari badala ya hospitali, nikamwagiza aendelee huko kwao.

Akaendelea, maskini! Kila nilipopiga simu sauti ilikuwa nzito zaidi. Siku moja nikamtania, "Leo naongea na shemeji?" Hakucheka. Alisema tu, "Nimechoka, dada." Nami nikamjibu kwamba damu bado haijapungua vya kutosha. Ee Mola!

Maulidi yalipofika, alisimama mbele ya wenzake, akafungua kinywa, akaanguka.

Mumewe alinipigia. "Shemeji, namleta mgonjwa wako. Safari hii utaniacha nifike kwa daktari?"

Daktari hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu! Alieleza kwamba feritini hupanda pia mwili unapopambana na mchochota, na usaha wa jino unaweza kuuleta. Wakati huo mwili hukifungia chuma ghalani, damu ikakosa cha kutumia. Kujua kama kweli chuma kimezidi kunataka vipimo vingine, vikisomwa kwa pamoja. Na ile namba ya tezi? Ni ubongo unaoiamsha tezi iliyolala. Tezi inapozidi kuzembea, ubongo huzidi kuihimiza, na namba inapanda. Alihitaji kidonge cha tezi na kung'olewa jino. Mimi nilimpunguza damu, tena kwa miezi!

Leo anameza kidonge chake kila asubuhi, nguvu zimerudi. Sauti imerudi nusu. Kaswida anaongoza mwingine, yeye anaitikia nyuma.

Majuzi alipimwa tena. Nikamwuliza majibu yakoje.

"Daktari ameshayaona, dada. Wewe watoto hawajambo?"

Amefanya inavyopasa. Lakini imeniuma!

Ndugu yangu unayesoma, usiogope karatasi ya vipimo, na usiikimbilie. Namba ikipanda, usidhani tu kwamba kilichopimwa kimejaa mwilini. Ipeleke karatasi nzima kwa daktari, hata ikibidi kungoja, na umwombe akueleze mpaka uelewe. Usianze dawa wala kutoa damu kwa maneno ya dada aliyesoma kidogo.

Nawe unayewasomea wengine majibu yao kama nilivyofanya, jifunze kutamka "sijui." Mimi neno hilo lingenitia haya siku moja tu. Kwa kutolisema, mdogo wangu amepoteza nafasi yake mbele ya wenzake!