Vema Tano kwa Kalamu Nyekundu

Nimesahihisha madaftari mengi, maana kazi yangu imekuwa kufundisha Kiingereza, lakini ni moja tu linalonisuta mpaka leo. Lilikuwa la baba yangu. Nilimpigia vema tano kwa kalamu nyekundu, nikaandika "Vizuri sana", ndipo nikasoma alichokuwa amekiandika.

Ilikuwa Marangu, miaka ile ya soko huria, kahawa ilipotutupa mkono na watu wakaanza kung'oa mibuni waliyoachiwa na babu zao. Wageni nao walikuwa wanamiminika mlimani. Baba alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na alikuwa amebeba mizigo ya watu tangu sijaanza shule. Sasa alitaka kuwa mwongozaji, atangulie na fimbo yake, wengine wabebe. Kwa hilo ilibidi apite usaili wa Kiingereza, na yeye aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, najiona nimemeza kamusi. Nikawa mwalimu wake.

Kilichomtoa jasho ni muda. Kwa Kiswahili unaweza kusema umetembea kwa saa tatu, na umefika kwa saa tatu, na hakuna atakayekushangaa. Kiingereza hakikubali. Ukitembea, ukingoja, ukilala, unatumia "for", kwa sababu vitendo hivyo havina mwisho ndani yake. Ukifika, ukimaliza, ukijenga nyumba ikaisha, unatumia "in". Na "until" inataka kitendo kinachoendelea mpaka kitu kingine kije kukikata. Nilieleza hayo siku tatu, nikipandisha sauti kama walimu wangu walivyonipandishia mimi, na mzee wa watu akabaki ananitazama tu.

Siku ya nne tulikuwa barazani, mchana, tunakunywa mtori wa ndizi. Akaweka bakuli chini, akasema kumbe jambo lenyewe ni jepesi, mimi ndiye ninayelitia uzito. Kuna vitenzi vya njiani na kuna vitenzi vya kibandani, pale wapanda mlima wanapolala. Ukiwa bado njiani, ni "for". Ukishafika kibandani ukatua mzigo, ni "in". Nilicheka, lakini wanafunzi wangu wote nimewafundisha hivyo hivyo na sijawahi kuwaambia nimetoa wapi.

Nikampa zoezi: sentensi tano za mlimani, zote za kweli, kila moja na muda wake.

Hapa lazima nimtaje jirani. Ng'ambo ya mfereji wetu, mwendo wa dakika moja kwa kijia kinachopita katikati ya migomba, aliishi mjane wa rafiki wa baba. Wanaume hao wawili walikua pamoja, walipata kipaimara siku moja, na walibeba mizigo pamoja mpaka rafiki yule alipofia mlimani, nikiwa na miaka saba. Tulichojua sote ni kwamba alizidiwa ghafla, akakata roho mikononi mwa baba, na baba akamshusha mgongoni. Kwa ajili hiyo mjane alimheshimu baba kuliko ndugu wa mumewe. Kila Krismasi akichinja, nyama ya kwanza ilipita kwenye kijia kile kuja kwetu. Baba hakuwahi kuila. Alisema jino linamsumbua, na jino lenyewe lilimuuma kila Desemba, sisi tukamtania, tukala fungu lake.

Basi baba akaandika zoezi, akaniletea daftari, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilisahihisha kama mashine. Macho yangu yalitafuta "for", "in" na "until", na kila nilipozikuta mahali pake nikapiga vema. Zote tano sahihi. Nilifurahi, nikajisifu kimoyomoyo kwamba mimi ni mwalimu hasa. Kisha nikarudia kuzisoma ili nifurahi tena.

Nitaziandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chake sikuweza kukitunza. Rafiki yangu aliumwa kwa siku mbili. Alitembea mpaka saa kumi. Nilimngoja kwa dakika kumi. Nilifika kibandani kwa saa moja. Aliniita kwa muda mrefu.

Nilizisoma mara ya tatu, nikitumaini nimekosea kuelewa, mimi niliyemeza kamusi. Hazikuwa na pa kukosea. Nilitazama zile vema zangu nyekundu, moja ubavuni mwa kila sentensi, na ile "Vizuri sana" chini yake, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Baba yangu alimwacha mtu akiita, na mimi nimempa tano juu ya tano.

Aliporudi na mzigo wa majani, nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari mkononi. Hakuuliza kuna nini. Alitua mzigo, akakaa juu yake, akaniambia yote taratibu. Rafiki yake aliketi kwenye jiwe, hawezi tena. Wageni walikuwa wametangulia na vitu vyao vya kulalia vilikuwa kwenye mzigo wa baba. Alijiambia atafika kibandani, atatua, atarudi na wenzake. Alipofika, ukungu ulikuwa umefunga na theluji inaanguka, akaogopa. Alikaa karibu na jiko, akawaambia wenzake rafiki yake amegeuka kushuka chini. Asubuhi alikwenda peke yake, akamkuta amekufa, na huku chini akasema amefia mikononi mwake.

Nilimuuliza kwa nini ameniandikia mimi, tena kwenye zoezi.

"Kwa Kichagga siwezi kuyasema," alisema. "Kiswahili nacho nakijua mno, ningetafuta maneno ya kujipamba. Kiingereza nina maneno machache, mwanangu. Hayatoshi kudanganyia."

Nilichana ukurasa ule, nikautia kwenye moto jikoni. Nilimwomba anyamaze. Nasema wazi, mimi ndiye niliyemwomba, wala sikumwonea huruma mjane, nilijionea huruma mwenyewe. Nilitaka kuendelea kuwa binti wa mtu ambaye hakumwacha mwenzake. Nilimwambia maiti amekwishaoza, mjane ana amani yake, usaili ni wiki ijayo. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Nitawaongozaje watu mlimani?"

Asubuhi yake alikata sale kwenye ua wetu, kichwa kizima na kishina chake. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na kwetu anayekosa hulifunga jani lake fundo akampelekea aliyemkosea. Sale halikataliwi. Hata mwenye damu ya mtu mikononi, akija nalo, hupokelewa. Baba alifunga fundo mara mbili, akashika kijia. Nilimfuata, sijui kwa nini.

Mjane alikuwa anaanika maharage uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Alipoliona sale alicheka, akalipokea kabla baba hajafungua kinywa.

"Umenikosea nini, shemeji? Au ng'ombe wako amekula migomba yangu?"

Baba alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alieleza kwa Kichagga, yale maneno aliyosema hawezi kuyasema. Yule mama hakulia. Alilishika sale kwa mikono miwili, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Alikuita?" aliuliza.

"Aliita."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niliposhindwa kumsikia."

Mjane akatikisa kichwa polepole. Akasema sale amelipokea, na hawezi kulirudisha, basi amesamehe. Alilitamka neno hilo vizuri, mara mbili, ili baba asije akasema hakulisikia. Baba akafuta macho kwa kofia. Mimi nilishusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

Mjane akachukua jembe lililoegemea ukutani, akatupita, akaenda kwenye mdomo wa kijia, pale kinapoingia kwenye kihamba chake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Akachimba shimo katikati kabisa, mahali tulipokuwa tumepakanyaga miaka yote. Akalisimika lile sale, fundo lake likiwa bado limefungwa, akashindilia udongo kwa mguu. Kisha akarudi kwenye maharage yake, akatugeuzia mgongo.

Hakuna mtu wa kwetu anayevuka sale lililopandwa mpakani, mdogo wala mkubwa. Sisi tulikuwa upande wake, na nyumba yetu tunaiona ng'ambo, moshi wa jiko la mama yangu unapanda juu ya migomba.

Ilibidi tuzunguke barabarani, karibu nusu saa, kwenda mahali tulipokuwa tunafika kwa dakika moja. Nilikuwa na hasira na baba, na yule mama, na mimi mwenyewe, nikatangulia kwa hatua ndefu bila kugeuka. Nyuma yangu nilisikia viatu vya baba vya mlimani vikiburuzika, halafu sikuvisikia tena. Hakuniita.

Nikasimama, nikamngoja mpaka akafika.