Walinigongea Nisome Wasifu wa Rafiki Yangu

Nilikuwa naogopa nini nyuma ya pazia lile? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Ndoa yangu ilipovunjika nilijifungia. Miaka miwili! Kazi yangu ya kutafsiri nyaraka niliifanyia chumbani, hapa mtaani Mirongo, nikajitoa hata kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Aliyeendelea kunigongea ni Baba Neema, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Aliniletea samaki, sato wa kukaanga, na kunitania dirishani: "Msomi, toka uanikwe juani, utaota ukungu!"

Mwishowe nikaacha kumfungulia hata yeye.

Asubuhi moja waligonga wanaume watatu. "Msomi, kuna msiba, tunakuhitaji." Nilisimama nyuma ya pazia, nimebana pumzi. Mmoja akasema, "Mwacheni. Siku yake ikifika atazikwa na vitabu vyake." Wakaondoka.

Sikuuliza nani amekufa. Sikuuliza!

Miezi minane baadaye niliona imetosha, nirudi kwa watu. Nikaanzia palipoonekana rahisi: sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani. Nilivaa shati jipya, moyo hautulii, kana kwamba najifunza upya hata kusalimia. Kwenye meza ya chakula alikuwepo Mama Neema, mke wa fundi, akipakua pilau.

"Kumbe upo!" akasema. "Tulidhani umehamia Ukerewe."

Watu wakacheka. Nilifurahi kutaniwa, nami nikajitia uchangamfu: "Nipo, shemeji. Fundi wangu yuko wapi, au umemfungia ndani asije kula?"

Upawa ukasimama hewani. Kicheko kikakatika. Ole wangu!

"Shemeji," alisema taratibu, "tulikugongea. Aliagiza kwamba akifa, wasifu wake uusome wewe, kwa kuwa unajua kupanga maneno. Ukasomwa na mtu asiyemjua. Hata jina la kijiji chake alilikosea."

Hakunifukuza. Alinijazia sahani, kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Afadhali angenitukana!

Wewe unayesoma haya ukiwa umejifungia, usidhani watu wamesimama palepale ulipowaacha. Siku utakayotoka, usianzie kwenye sherehe. Uliza kwanza nani hayupo.

Siku ile sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafua shati lililokuwa safi. Kesho yake, jua halijawa kali, nilipiga hodi kwa Mama Neema, daftari mkononi.

Alipofungua mlango, nikasema:

"Pole, shemeji. Nimechelewa sana. Naomba unisimulie habari zake, niandike."

Akavuta kigoda kilichokuwa kando ya cherehani, akakaa, akanionyesha mkeka.

"Anza na kijiji chake," akasema. "Na usikosee."